Siku ya Mlipuko, Mwanafunzi wa Uuguzi Awe Wapi?

Basi linalotoka Arusha kwenda Dar es Salaam haliwezi kuikwepa Mombo. Mji huu mdogo wa wilaya ya Korogwe umekaa chini ya milima ya Usambara, pale barabara ya Soni na Lushoto inapochepuka kutoka barabara kuu. Ni mji wa wasafiri tangu enzi za Wajerumani, waliofikisha hapa reli ya Tanga mwaka 1905. Abiria hushuka kula, kununua matunda yaliyoteremshwa kutoka milimani, au kubadili gari. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini yuko Arusha. Mgonjwa huyo alikuwa ametua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro siku iliyotangulia, akitokea Ubelgiji. Siku mbili baadaye wakatangazwa wengine wawili, mmoja Dar es Salaam na mwingine Zanzibar. Kwa muda wa siku mbili tu, Mombo ikajikuta katikati ya miji miwili yenye ugonjwa, na mabasi hayajaacha kupita.

Katika mji wa aina hii, ugonjwa mpya haukutani kwanza na daktari bingwa. Hukutana na muuguzi wa kituo cha afya. Ndiye anayempokea mgonjwa, anayempima joto na presha, anayeamua kama huyu asubiri benchi au atafutiwe gari la kumkimbiza Magunga, hospitali iliyoko Korogwe mjini, au hata Bombo kule Tanga. Na pembeni ya muuguzi huyo mara nyingi husimama kijana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri na daftari mfukoni: mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo. Mgonjwa hajali tofauti. Wote kwake ni "sista" au "dokta". Kirusi nacho hakiulizi nani ameshapata leseni.

Korona ilileta swali ambalo wengi hawakuwa wamejiuliza: ugonjwa wa kuambukiza ukiingia, mwanafunzi huyu awe wapi? Ni mwanafunzi, kwa hiyo arudi kwao kama wenzake wa sekondari? Au ni sehemu ya jeshi la afya, kwa hiyo abaki, apewe vifaa na asimamiwe? Kila nchi ilijibu kivyake, na majibu hayo yana mengi ya kuifundisha Tanzania kabla mlipuko mwingine haujabisha hodi.

Serikali ya Tanzania ilijibu haraka. Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule zote kuanzia chekechea hadi kidato cha sita. Kesho yake amri ikavifikia vyuo na vyuo vikuu. Vyuo vya uuguzi vilikuwamo. Wanafunzi walifunga mabegi wakarudi makwao: Handeni, Lushoto, Same, Muheza, na mbali zaidi ya hapo. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020. Kutoka amri hadi kufunguliwa ni siku 75.

Kwa mwanafunzi wa historia au uhasibu, siku 75 ni sura kadhaa za vitabu, na vitabu vinaweza kusomwa chini ya mwembe. Kwa mwanafunzi wa uuguzi hesabu ni nyingine. Mafunzo ya astashahada huchukua miaka miwili na ya stashahada mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo haiko darasani. Iko wodini, leba, kliniki ya mama na mtoto, chumba cha sindano na chumba cha kufungia vidonda. Huko mwanafunzi hutazama, kisha hufanya akiwa anatazamwa, na hatimaye husainiwa kwamba ameweza. Kila zoezi lina nafasi yake kwenye kitabu cha kumbukumbu, na sahihi ya msimamizi ndiyo inayothibitisha kwamba mikono imejua kile ambacho kichwa kilisoma.

Mfano mmoja unatosha kueleza. Kumhesabia mgonjwa pumzi ni kazi inayoonekana nyepesi kuliko zote. Kitabu kinasema: hesabu kwa dakika nzima. Lakini mgonjwa akijua anahesabiwa, hubadili namna anavyopumua. Kwa hiyo muuguzi mzoefu hushika kiganja cha mgonjwa kana kwamba bado anapima mapigo ya moyo, huku macho yakiwa kifuani. Huangalia kama mbavu zinavutwa ndani, kama puani panatanuka, kama mgonjwa anaweza kumaliza sentensi bila kukatika. Kisha huweka oksimita kidoleni, akijua kwamba kidole cha baridi au chenye hina hudanganya mashine. Kusoma namba chini ya 90 ni rahisi. Kutambua kama namba ni sahihi au si sahihi ndiko kunakohitaji kuwa umeshakaa na wagonjwa kumi, ishirini, hamsini, na mwalimu pembeni. Ustadi huu ndio ulioamua nani apewe oksijeni mapema wakati wa Korona, na ndio ambao mwanafunzi hawezi kuupata akiwa nyumbani.

Mfano wa pili ni glavu. Mtu yeyote anaweza kuvaa glavu. Hatari iko kwenye kuvua. Ya kwanza hushikwa kwa nje, karibu na kifundo, ikavutwa hadi ijigeuze ndani-nje, ikabaki imekunjwa kwenye kiganja cha mkono wa pili. Kisha kidole kisicho na glavu hupenyezwa ndani ya ukingo wa ile iliyobaki, kwenye ngozi safi, na hiyo nayo hugeuzwa ikaimeza ya kwanza. Hapo ndipo mikono huoshwa. Ukiongeza gauni, miwani na barakoa, mpangilio unarefuka, na kosa moja la kugusa uso kabla ya kumaliza linaharibu yote. Utaratibu huu haufundishiki kwa maelezo. Hurudiwa mpaka mwili uukumbuke hata saa tisa ya usiku, baada ya wagonjwa wengi na usingizi kidogo.

Wapo waliodhani intaneti ingeziba pengo. Afrika Mashariki ilikuwa na uzoefu wa kutosha kujua mipaka yake. Tangu mwaka 2005, shirika la AMREF nchini Kenya likishirikiana na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo lilikuwa likiwafundisha kwa njia ya mtandao wauguzi waliotaka kupanda daraja. Mpango ule ulifanikiwa kwa sababu mwanafunzi wake alikuwa tayari kazini. Alisoma usiku kwenye kompyuta, asubuhi akaingia wodini kwake na kukifanyia kazi alichosoma. Mwanafunzi wa mwaka 2020 alikuwa na hali ya kinyume. Alikuwa na simu, pengine na bando la wiki, lakini hakuwa na mgonjwa. Video ya kumpokea mtoto mchanga inaweza kumwonesha hatua zote, ila haiwezi kumfanya ahisi mkononi namna kichwa cha mtoto kinavyosukuma, wala wakati wa kumwambia mama, "Sasa usisukume, hema tu." Na kijana aliyerudi kijijini ndani ya Handeni, ambako mtandao hukamatwa juu ya kichuguu, hata hiyo video hakuipata.

Uingereza ilichagua njia tofauti. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2020, wanafunzi wa uuguzi waliokuwa katika miezi sita ya mwisho walipewa hiari ya kuingia hospitalini kwa mkataba na malipo, huku muda huo ukihesabiwa katika masomo yao. Wa mwaka wa kwanza walisimamishwa kwenda wodini. Mgawanyo ule ulikuwa na mantiki: anayekaribia kumaliza ana cha kutoa, anayeanza ana cha kupoteza. Muhimu zaidi, nafasi ya kila mmoja iliandikwa. Mwanafunzi alijua yeye ni nani, analipwa nini, anasimamiwa na nani, na anaweza kusema hapana bila kufukuzwa chuo.

Uganda iliteseka zaidi. Taasisi za elimu zilifungwa Machi 2020, wa mwaka wa mwisho wakaruhusiwa kurudi 15 Oktoba mwaka huohuo, kisha wimbi la Juni 2021 likafunga kila kitu tena. Kundi moja la wauguzi watarajiwa likakatishwa mara mbili kabla ya kumaliza. Shule nchini humo zilikaa bila kufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, kufungwa kulikokuwa miongoni mwa kurefu kuliko kote duniani.

Ukilinganisha, siku 75 za Tanzania zilikuwa chache, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kurudi mapema kulikuja na mzigo wake. Ratiba zilibanwa ili kufidia muda, na palipotakiwa miezi ya wodini zikapatikana wiki. Makundi mawili yanapogombea wodi moja, wanafunzi wanane huzunguka kitanda kimoja na anayefunga dripu ni mmoja tu. Wakati huohuo, tangu Mei 2020 takwimu za wagonjwa wa Korona hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka. Mwanafunzi aliyeingia wodini mwanzoni mwa 2021, wakati watu wakisema kuna "changamoto ya upumuaji," alitakiwa kujikinga bila kuelezwa ukubwa wa anachojikinga nacho. Mwalimu wake naye alikuwa na barakoa za kuhesabu. Hali hiyo humfundisha kijana jambo baya bila mtu kukusudia: kwamba tahadhari ni suala la hisia za mkuu wa zamu, badala ya kuwa kanuni.

Kwamba hatari ni ya kweli, historia ya ukanda huu ilikwisha kusema, na kwa sauti ya kutisha. Oktoba 2000, Dk. Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa hospitali ya St. Mary's Lacor huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, alikuwa Kampala masomoni alipopigiwa simu. Ugonjwa usioeleweka ulikuwa unaua hospitalini kwake, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wanafunzi wawili wa uuguzi. Alirudi usiku, akapekua mafaili, akashuku Ebola, na vipimo vilivyopelekwa Afrika Kusini vikathibitisha. Vifo vya wanafunzi ndivyo vilivyopiga kengele. Mlipuko ule ulifikisha wagonjwa 425 na kuua 224. Hospitali ya Lacor ilipoteza wahudumu zaidi ya kumi, na Dk. Lukwiya mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Kwa nini wanafunzi? Sababu haina fumbo. Mwanafunzi ndiye hupewa kazi za kugusa: kumwogesha mgonjwa, kubadili shuka, kumwaga bakuli la matapishi, kumshika wakati sindano inachomwa. Hukaa na mgonjwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote kwenye zamu, na ana uzoefu mdogo kuliko wote. Glavu zikiwa pungufu, yeye ni wa mwisho kupewa. Naye huona haya kudai, kwa kuwa anayemnyima ndiye atakayesaini kitabu chake.

Miaka 22 baadaye mambo yalijirudia nchini Uganda kwa sura nyingine. Ebola ya aina ya Sudan ilipotangazwa Mubende mnamo Septemba 2022, madaktari waliokuwa mafunzoni katika hospitali ya rufaa ya hapo waligoma wakidai vifaa vya kujikinga. Daktari wa kwanza kufariki katika mlipuko huo alikuwa Mtanzania aliyekwenda Uganda kusomea shahada ya uzamili ya upasuaji. Mlipuko ulipokwisha Januari 2023, wahudumu 19 walikuwa wameambukizwa na 7 wamefariki.

Pamoja na hayo, upo ushahidi kwamba janga linaweza kuyaacha mafunzo yakiwa bora kuliko lilivyoyakuta. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ndani ya miaka michache hakukuwa na mkoa wa Bara usioguswa. Miji ya barabarani kama Mombo, yenye madereva wanaolala njiani na vijana wanaotafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, iliujua ugonjwa huo mapema. Muuguzi aliyesoma kabla ya hapo alifundishwa kuchemsha mabomba ya sindano ya kioo na kuyatumia tena. Glavu zilifuliwa, zikaanikwa, zikapakwa poda, zikavaliwa kesho yake. Damu iliogopwa tu pale mgonjwa alipokuwa na ugonjwa unaojulikana.

Ukimwi uliigeuza kanuni hiyo juu chini: chukulia damu ya kila mtu kuwa inaweza kuambukiza. Kutokana na kanuni hiyo yakaja mengine yote. Bomba moja kwa mgonjwa mmoja. Kisanduku cha kutupia sindano mahali inapochomwa. Marufuku ya kurudishia kifuniko. Na ukijichoma, toa taarifa mara moja, uanze dawa za kinga ndani ya saa 72. Leo mwanafunzi wa muhula wa kwanza anayajua haya kabla hajamgusa mgonjwa, na yamo kwenye mtihani. Hakuna anayemwita mwoga akidai glavu kabla ya kutoa damu. Mafanikio hayo hayakuletwa na kampeni ya miezi mitatu. Yaliletwa na kuandikwa, kufundishwa na kupimwa mwaka baada ya mwaka, mpaka yakawa sehemu ya kazi.

Hewa haijapata heshima hiyo. Korona, kama kifua kikuu ambacho Tanzania imeishi nacho kwa vizazi, ilisambaa kwa pumzi. Somo lake linahusu madirisha ya wodi, umbali wa vitanda, barakoa inayobana vizuri, mahali pa kumweka anayekohoa kabla hajapewa kitanda. Kwa mwanafunzi, hayo yanastahili kukaguliwa na kusainiwa kwa uzito uleule wa kisanduku cha sindano.

Fedha zilipatikana. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567 kwa Tanzania, na Oktoba mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 ambao wananchi waliuita kwa kifupi "fedha za UVIKO." Wengi wanaukumbuka kwa vyumba 15,000 vya madarasa. Upande wa afya ulijenga majengo ya dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya kuzalisha oksijeni. Ni kazi kubwa na itaokoa maisha kwa miaka mingi. Lakini oksijeni haimfikii mgonjwa kwa sababu mtambo umefungwa uani. Inamfikia kwa sababu muuguzi amejua lita ngapi kwa dakika, ametambua kwamba maji ya chupa ya unyevu yamekauka, amerudi baada ya robo saa kupima tena. Kila mtambo uliosimikwa unadai wauguzi waliofundishwa kuutumia, na wauguzi hao leo ni wanafunzi.

Dunia nzima inawahitaji. Mwaka 2020, ambao Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeuteua kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, ripoti yake ilionesha kwamba dunia ina wauguzi milioni 27.9 na pengo la milioni 5.9, sehemu kubwa ya pengo hilo ikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. Mwaka uliofuata shirika hilo lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya wapatao 115,500 huenda walikufa kwa Korona. Mzazi wa Korogwe anayeuza ng'ombe kulipa ada ya uuguzi anazielewa namba hizo bila kuzisoma. Anataka mtoto apate kazi, na anataka arudi mzima.

Milipuko haijasubiri. Marburg ilitangazwa Kagera Machi 2023, ikaua watu sita, mhudumu wa afya akiwamo. Ikarudi mkoani humo, wilayani Biharamulo, Januari 2025. Wagonjwa wote kumi waliohesabiwa walikufa. Mara zote mbili vyuo vilikuwa wazi na wanafunzi walikuwa wodini nchi nzima. Hakukuwa na muda wa kuanza kutafakari upya.

Kwa hiyo jibu liandikwe sasa, na Baraza la Uuguzi na Ukunga, Wizara ya Afya na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, ndio wenye kalamu. La kwanza, mwanafunzi wa mwaka wa mwanzo aondolewe kwenye huduma ya mgonjwa anayeshukiwa tangu siku mlipuko unapotangazwa, lakini asirudishwe nyumbani: kuna leba, kliniki za chanjo na wodi za watoto ambazo hazifungwi na zina mengi ya kumfundisha. La pili, wa mwaka wa mwisho apewe hiari ya kweli ya kubaki, kwa maandishi, akiwa na posho, bima na haki ileile ya matibabu na chanjo anayopewa mtumishi aliye naye zamu. La tatu, hakuna vifaa, hakuna mwanafunzi: chuo kiwe na mamlaka ya kumtoa kwenye wodi isiyo na barakoa na glavu za kutosha, naye asipoteze alama. La nne, kuvaa na kuvua vifaa vya kinga, kuhesabu pumzi na kutoa oksijeni viwe mazoezi ya kupimwa kila muhula, kuna mlipuko au hakuna.

La tano linahusu vituo vidogo. Hospitali kubwa zinapojaa au kufungiwa, vituo vya afya vya barabarani hubaki vikihudumia wajawazito, watoto wenye malaria na majeruhi wa bodaboda. Wanafunzi wawili wawili, wakiwa na muuguzi mmoja aliyeandaliwa na kulipwa kuwafundisha, wangejifunza mengi katika kituo kama cha Mombo, na hasa stadi ambayo hospitali ya rufaa haiifundishi vizuri: kumtambua mgonjwa hatari katikati ya foleni ya wagonjwa wa kawaida, wakati basi lililomleta bado linanguruma stendi. Korogwe ina barabara kuu, ina hospitali, ina chuo cha uuguzi na ina kituo cha afya Mombo. Inaweza kuanza muhula ujao, bila kusubiri tangazo la waziri.